Utubora Mkulima Kitandani kwa Mgonjwa: Historia Fupi ya Kitabu Kimoja Ufipa

Utangulizi

Kwa muda mrefu wahakiki wetu wamekuwa wakiiuliza riwaya ya Kiswahili maswali mawili: inasema nini, na inasemaje. Maudhui na fani, basi. Swali la tatu, yaani riwaya hiyo imesomwa na nani, wapi na kwa haja gani, tumewaachia wauza vitabu. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo la tatu kwa kukifuata kitabu kimoja tu, Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, ndani ya nyumba moja ya Ufipa, mkoani Rukwa, tangu miaka ya 1970 hadi Julai 2014, mwezi ambao baba yangu mzazi alifariki.

Nyumba yenyewe ni ya kwetu. Najua ndugu zetu wa historia watasema kwamba shahidi mmoja hatoshi, tena akiwa mtoto wa marehemu. Ni kweli. Lakini mambo yaliyokizunguka kitabu hicho, yaani mkonge, kisomo na bei ya mahindi, si ya nyumba moja. Ni historia ya nchi nzima. Nami nina deni la kulipa, kama nitakavyoeleza.

Kosa la mwaka wa pili

Nilipokuwa mwaka wa pili tulipewa kazi ya kuhakiki riwaya moja ya Shaaban Robert. Nilichagua Utubora Mkulima kwa sababu ya uvivu: kitabu nilikijua tangu utotoni, kwa hiyo sikuhitaji kukisoma upya. Hadithi yake wengi wanaijua. Utubora ana kazi nzuri mjini kwa tajiri Ahadi. Anaiacha mwenyewe, hafukuzwi, anakwenda shamba Busutamu kuishi kwa jembe na kwa ujirani mwema. Majina ya watu ndiyo tabia zao. Wema unashinda.

Basi nikakishambulia. Niliandika kwamba mwandishi ni mdhanifu, kwamba wahusika wake ni bapa, kwamba ukulima wake ni wa bustani ya bwana mkubwa na wala si wa mkulima mwenye sugu mikononi, na kwamba kitabu cha namna hii kinampa msomaji maskini usingizi badala ya silaha. Hoja hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa zikizunguka madarasani tangu siku za ujamaa, wakati uhakiki wa kitabaka ulipokuwa umeshika hatamu. Nikakilinganisha kitabu hicho na Kichwamaji cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, ambacho Kazimoto, kijana msomi wa Chuo Kikuu, anaishia kujiua. Hiyo, nilisema, ndiyo riwaya inayoyatazama maisha usoni. Nilipata alama nzuri, nikafurahi sana.

Sisemi leo kwamba kila nililoandika lilikuwa uongo. Majina ya wahusika ni tabia kweli, na wema unashinda kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nikishakieleza kitabu kilivyo, nimekwisha kueleza kinafanya nini kwa watu.

Manamba na mtu wa Tanga

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909, akafariki Juni 1962. Utubora Mkulima ilitolewa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake. Maisha yake mengi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na alijua vizuri maana ya kuamka asubuhi kwenda kumtumikia mtu mwingine. Mhusika anayeaga kazi ya mjini akaenda zake kulima si jambo dogo katika kalamu ya karani.

Tanga hiyohiyo ilikuwa nchi ya mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika, ambayo mwaka huo iliungana na Zanzibar, ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyoishinda duniani. Wakataji wake walitoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandika wafanyakazi, SILABU, likachota vijana kutoka mikoa ya pembezoni ambayo haikuwa na zao kubwa la biashara: Kigoma, Songea, Njombe, Ufipa. Kila mtu alipewa namba yake, na kutokana na namba hizo tukapata neno manamba. Wafipa wengi walijifunza Kiswahili chao huko, kati ya safu za mkonge. Vitabuni walikikuta baadaye.

Baba alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1940, akaondoka kijijini mwaka 1958, kwa lori kisha kwa treni. Alirudi mwaka 1963 na blanketi, baiskeli na kidole kimoja kisichokunjika. Juni 1962, Shaaban Robert alipozikwa kwao Vibambani, baba alikuwa katika mkoa huohuo akikata majani. Hakupata habari. Mkataji wa mkonge angemjuaje mshairi? Kwa miaka minne hivi waliishi jirani, mmoja akiandika juu ya mtu anayeacha kazi ya tajiri kwa hiari, mwingine akihesabu siku za kadi yake ziishe. Kwa maana manamba hakuaga alivyotaka. Aliweka dole gumba kwenye mkataba, na mkataba ukishasainiwa ulikuwa kamba.

Kisomo na kitabu kilichoshonwa

Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwaka huohuo lilitangazwa Azimio la Arusha, na Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Katika hali hiyo, riwaya iliyotoka mwaka uliofuata ikimsifu mtu aliyeacha mji akashika jembe ilikuwa kama imeagizwa na chama, ingawa mwandishi wake alikuwa kaburini kabla ya Azimio kuandikwa. Halafu Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni ya kisomo ikaenea, na mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulipofanyika wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi 39 kwa mia.

Ufipa ulikuwa na wasomaji kabla ya hapo. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe, walikuwapo Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, tangu 1885, na shule zao zilifuata. Lakini kusoma kule kulikuwa kwa katekisimu na sala. Kisomo cha miaka ya 1970 kilileta kusoma kwa namna nyingine: mbegu, mbolea, lishe, choo. Baba, aliyekuwa na madarasa manne ya misheni, akawa mwalimu wa kujitolea. Alifundisha jioni chini ya mti na mvua ikinyesha kanisani. Mwaka 1974, mwaka ambao Rukwa ilifanywa mkoa, alinunua Utubora Mkulima Sumbawanga mjini. Nilipomwuliza kwa nini hicho, alijibu kwa ufupi: "Kilikuwa kimeandikwa mkulima."

Kitabu hicho ninacho. Jalada halipo. Mgongo umeshonwa kwa katani na sindano ya magunia, ile ya kushonea mahindi, na panya walikula pembe ya chini ya kurasa arobaini hivi, hata inabidi msomaji akisie neno la mwisho la mistari kadhaa. Mahali pawili pana alama ya penseli. Alama hizo tutazirudia.

Julai 2014

Mwezi wa sita mwaka 2014 nilipigiwa simu nikiwa kwenye mitihani. Baba alikuwa na saratani ya koo, na madaktari wa mbali walikokuwa wamempeleka walisema arudishwe nyumbani. Nikamaliza mitihani, nikapanda basi, siku mbili, Mbeya, Tunduma, Laela, Sumbawanga. Asiyeujua uwanda wa Ufipa mwezi wa saba nimwambie tu kwamba uko juu, mahali pengine mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake wa kipupwe hauna huruma. Mahindi yalikuwa barazani yakisubiri mnunuzi. Baba alikuwa chumba cha nyuma, amejifunika mablanketi mawili, hawezi tena kumeza ugali wa ulezi. Uji mwepesi tu, tena kwa kijiko.

Mimi ni kitinda mimba. Kaka na dada walikuwa na kazi: huyu dawa, yule kuni, yule kupokea wageni. Mimi sikujua nishike nini. Katekista alikuja kila jioni kusali rozari, na padre alikwisha kumpaka mafuta ya wagonjwa. Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba riwaya ilikuja kuchukua nafasi ya sala. Sala ilikuwapo. Kilichobaki ni zile saa ndefu baada ya katekista kwenda zake, mgonjwa halali na hakuna anayejua la kusema.

Usiku wa tatu baba aliniuliza kwa sauti ya kunong'ona, sauti iliyokuwa imebaki: "Huko chuoni mnasoma nini?" Nikamwambia fasihi. "Ya nani?" Nikataja wachache, nikamtaja Shaaban. Akafungua macho. "Mnasemaje juu yake?"

Hapo nilibabaika, bwana. Ningeweza kudanganya. Nilimwambia kwa maneno laini kwamba wengine tunaona hadithi zake ni za ndoto, watu wake ni wema mno. Baba alikaa kimya, mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema: "Kile kitabu kipo kwenye sanduku la mbegu. Kilete."

Tulisoma siku kumi na moja, kwa mwanga wa tochi ya simu, mama akiwa amekaa mlangoni na jiko la mkaa. Nikisema tulisoma, ninamaanisha sisi wote, kwa sababu baba hakuwa msikilizaji wa kukaa kimya. Alikuwa akiinua kidole, kile kisichokunjika, nami nasimama. Alimrekebisha Shaaban Robert kila penye shamba. Kwa maoni yake mwandishi alijua mnazi na bustani, hakujua intumba.

Intumba ni yale matuta ya mviringo ambayo kwayo Wafipa wamelima uwanda usio na miti mingi kwa vizazi vingi. Mvua zikielekea mwisho, watu hufukia majani mabichi chini ya udongo, wakayaacha yaoze; juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata matuta hutawanywa, na ardhi iliyolishwa majani ndiyo hupokea ulezi au mahindi. "Huyu Utubora wake," baba alisema, "angekuja huku tungemfundisha kazi."

Aliona vilevile kwamba kitabu kinapita haraka mno kwenye bei. Hili ndilo lililonishangaza, kwa kuwa ndilo nililoliandika mimi katika ile kazi yangu ya mwaka wa pili nikijiona nimevumbua jambo. Baba hakuhitaji nadharia kulijua. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, Shirika la Taifa la Usagishaji likawa linayafuata Rukwa kwa bei ileile ya mkulima aliye jirani na Dar es Salaam. Hivyo mkoa wa mwisho wa barabara ukawa miongoni mwa ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Halafu mambo yakageuka: soko likafunguliwa tangu katikati ya miaka ya 1980, gharama ya lori ikamwangukia mkulima, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa mwaka hadi mwaka kati ya 1990 na 1994 hadi ikaisha. Baba aliyapitia yote hayo akiwa na kitabu kile ndani ya sanduku la mbegu. Hakuwahi kuchukua maisha ya Busutamu kuwa ndiyo maisha ya Nkasi. Ile dhana yangu ya kwamba msomaji maskini analazwa usingizi ilianguka usiku ule, kwa kuwa msomaji mwenyewe alikuwa macho kuliko mhakiki.

Basi kama haikuwa kudanganyika, ilikuwa nini? Jibu lilikuwa kwenye zile alama za penseli. Ya kwanza, alinieleza, aliiweka mwaka 1979. Mama yake mzazi, bibi yangu, alikuwa mwanafunzi wake wa kisomo. Alifika hatua ya pili, akajua kuandika jina lake, kisha macho yakamwishia. Alipougua, baba alimsomea kitabu hichohicho, kwa koroboi. Alama ni mahali walipofika siku aliyofariki. Hawakumaliza.

Alama ya pili ilikuwa pale Utubora anapoacha kazi. Tulipokimaliza kitabu siku ya tisa, baba alitaka nirudie hapo, na kesho yake tena hapo. Nikamwuliza kwa nini. Alijibu kwa vipande vipande, nami nayaunganisha: kule mkonge hakuna aliyeaga. Siku zako zikiisha unafutwa kwenye daftari, unapewa hesabu yako, unapanda lori. Huyu amesimama mbele ya tajiri akasema ninakwenda, ahsante kwa ulichonilipa. "Nami nataka kwenda hivyo," alisema.

Kesho yake aliita watu wote, akaaga. Alisema shamba la bondeni ni la nani na la mlimani ni la nani. Alisema anadaiwa mifuko miwili ya mbolea na jirani, ilipwe kabla ya mahindi ya biashara kuuzwa. Alisema ng'ombe wa plau wasiuzwe kwa ajili ya msiba, mpaka tuta la mwisho litawanywe mwezi wa kumi na mbili. Mama alimjibu kwa niaba yetu. Siku ya pili yake, alfajiri, alifariki.

Wasia, si ndoto

Hebu sasa turudi kwenye uhakiki. Fasihi ya Kiswahili haikuanza na riwaya, na habari ya mzazi anayekabili kifo si ngeni kwake. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mausia, akimwita aje na wino na karatasi. Miaka miwili hivi baadaye alikufa. Shaaban Robert aliifuata njia hiyo waziwazi: alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Naye hakuwa mgeni wa msiba. Kifo cha mkewe Amina kimo katika habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe.

Tukiisoma Utubora Mkulima ndani ya historia hiyo, na si ndani ya historia ya riwaya ya Ulaya peke yake, mambo yanabadilika. Mhusika ambaye jina lake ni tabia yake ni kasoro kwa anayetafuta saikolojia ya mtu mmoja. Lakini kwa anayetoa wasia hiyo si kasoro hata kidogo. Wasia unasema: ishi hivi. Hausemi: watu ndivyo walivyo. Hauhitaji Busutamu iwe kwenye ramani.

Kuna tofauti moja, na ndiyo iliyonifanya niandike. Katika utenzi wa Mwana Kupona maneno yanatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Nyumbani kwetu, mwaka 1979 na tena 2014, maneno yalibebwa na mtoto kumpelekea mzazi, kwa sababu mzazi mmoja alikuwa hana macho na mwingine hana sauti. Riwaya iliazima umbo la wasia, ikamkopesha mgonjwa maneno ya kuanzia. Yaliyobaki aliyasema mwenyewe. Nadhani baba asingeita watu wote chumbani siku ile bila kupitia kwanza kwa Utubora. Alikuwa mtu wa maneno machache, na wanaume wa rika lake hawakufundishwa kuaga.

Je, Kichwamaji ingeweza kufanya kazi hiyo? Sidhani, na hilo haliipunguzii thamani. Kezilahabi alikuwa na haki ya kuandika kijana anayeshindwa kuona sababu ya kuishi. Sisi vijana tunamhitaji. Ningalikuwa peke yangu chumbani Dar es Salaam wiki ile ningaliisoma hiyo. Ila siwezi tena kusema kwamba moja inayatazama maisha usoni na nyingine imeyapa kisogo.

Hitimisho

Makala haya hayamtetei Shaaban Robert dhidi ya kila lawama. Bei bado haimo kitabuni, intumba hazimo, na mwanamke au manamba anayekisoma ana mengi ya kukidai. Ninachopendekeza kwa wenzangu ni kidogo: tunapokihakiki kitabu cha faraja tusiishie kwenye fani na maudhui, twende tukawaulize waliokisoma. Wako wengi, katika vijiji vilivyopitia kisomo, na umri umewatupa mkono. Nakala zao zimeshonwa kwa katani na zina alama za penseli. Wakifa kabla hatujawauliza, sehemu hiyo ya historia ya riwaya ya Kiswahili itatupotea, nasi tutabaki na maoni yetu wenyewe.

Mbolea ya jirani tulilipa Agosti. Ng'ombe hatukuwauza. Ile kazi yangu ya mwaka wa pili ninayo, nimeiweka ndani ya kitabu, mahali penye alama ya kwanza, ili atakayekirithi azisome hoja zote mbili.